Ndoo ya Kwanza: Historia Fupi ya Sabuni Yetu ya Maji



Kamati ilipogawa kazi ya kuandika toleo hili la kumbukumbu ya kambi yetu ya Dzaleka, wenzetu walipewa mambo makubwa: historia ya shule, ya makanisa na misikiti, ya mpira wa miguu, ya uongozi. Sisi wa kikundi cha sabuni tuliposema kwamba nasi tuna historia ya kuandika, baadhi ya wajumbe walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na sisi tulicheka pamoja nao. Ndipo mzee mmoja akauliza: "Ni nani kati yetu hapa ambaye hajawahi kumaliza mwezi mzima bila sabuni nyumbani?" Kicheko kikakoma. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Tutaeleza kwa kifupi sabuni ilitoka wapi, ina maana gani kwa mkimbizi, na jinsi tulivyotengeneza ndoo yetu ya kwanza ya sabuni ya maji mwaka 2020. Makosa yetu pia tutayaeleza. Tunayaandika kwa makusudi, ili atakayetufuata asiyarudie.

WAZEE WETU NA MAJIVU

Wengi hudhani sabuni ililetwa na Mzungu. La hasha. Vibao vya udongo vya Mesopotamia, nchi ambayo leo inaitwa Iraki, vyenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, vinataja mchanganyiko wa mafuta na majivu. Baadaye miji ya Aleppo na Nablus ilipata sifa kubwa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, na neno lenyewe "sabuni" sisi Waswahili tumelipata kwa Waarabu. Majirani zetu Wamalawi husema "sopo", kwa kuwa wao walilipokea neno hilo kwa Waingereza. Njia ni mbili, lakini kitu ni kile kile.

Hata huko kwetu, kabla ya duka kufika kijijini, watu hawakukaa na uchafu. Mama zetu wakongwe walituambia jinsi maganda ya ndizi yalivyokaushwa na kuchomwa, majivu yakawekwa katika chombo kilichotobolewa chini, yakamwagiwa maji, na maji yale yakadondoka polepole yakiwa na rangi ya chai. Ukiyagusa yanateleza vidoleni. Ule utelezi ndio ukali wa majivu unaokula mafuta. Maji hayo yakichemshwa pamoja na mafuta hutoa sabuni laini, isiyoganda kama mche.

Siku hizi tunajua sababu. Mafuta yakikutana na kitu chenye ukali wa namna hiyo huacha kuwa mafuta, yakageuka kuwa sabuni na gliserini. Ukali wa majivu ya mimea hutoa sabuni laini au ya maji. Ukali wa soda kostiki hutoa sabuni ngumu ya mche. Basi sabuni ya maji si mgeni wa jana. Kwa namna fulani, ni ndugu wa ile ya bibi zetu.

MAFUTA YA KONGO YALIVYOKWENDA NA KURUDI

Kilichobadilisha mambo ni viwanda vya Ulaya. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya njia ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na hivyo watengenezaji wakaacha kutegemea majivu. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Chevreul, alitoa kitabu kilichoeleza mafuta yameundwa na nini. Mwaka 1865 William Sheppard wa New York alipewa hati ya sabuni ya maji. Na mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight, ambayo hadi leo inajulikana katika nchi nyingi za Afrika.

Hapa historia inatugusa sisi tuliotoka Kongo. Sabuni nyingi zilihitaji mafuta mengi, na mafuta mazuri ni ya mawese. Mwaka 1911 Lever alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Kituo kimoja kikuu, huko Kwilu, kiliitwa Leverville, nacho leo kinaitwa Lusanga. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa malipo madogo, huku wakidaiwa kodi. Bei ya mazao iliposhuka na kodi ikabaki pale pale, Wapende waliasi mwaka 1931. Uasi huo ulizimwa kwa bunduki, na mamia ya watu waliuawa.

Hatuandiki haya ili kuamsha chuki. Tunayaandika kwa sababu mtoto wa Kongo anayeshika mche wa sabuni dukani anafaa kujua kwamba mafuta yalitoka kwa babu zake, yakavuka bahari, kisha yakarudi yakiwa yamefungwa katika karatasi nzuri na kuuzwa kwa fedha ambayo babu hakuwa nayo. Hata hivyo ujuzi haukufa wote. Wenzetu waliotoka Fizi na Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, wanakumbuka sabuni ya mawese iliyopikwa kwenye pipa, ikamwagwa katika kalibu ya mbao na kukatwa kwa waya. Wengine walikuja hadi Malawi na ujuzi huo kichwani, hawakuwa tu na mahali pa kuutumia.

SABUNI KATIKA MAISHA YA MKIMBIZI

Mtu anayekimbia vita hachukui sabuni. Huchukua mtoto, sufuria, labda blanketi. Siku ya tatu au ya nne njiani ndipo anaona mikono yake na kukumbuka.

Historia ina mfano mchungu. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Hapakuwa na maji safi wala vyoo, na ardhi ya mawe ya volkano ilikuwa ngumu kuchimbwa. Kipindupindu kilizuka, kikafuatiwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Baadhi yetu tulikuwapo. Hatutaeleza zaidi, isipokuwa kusema kwamba tangu wakati ule hatuwezi kuita sabuni kitu kidogo.

Mfano wa pili umetoka hapa hapa Malawi. Kabla ya sisi kuja, nchi hii iliwapokea zaidi ya Wamsumbiji milioni moja waliokimbia vita vya kwao. Katika kambi ya Nyamithuthu, wilaya ya Nsanje, mwaka 1993 watafiti waligawa sabuni kwa familia na kuzifuatilia kwa miezi kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: wakati nyumba ilipokuwa na sabuni, matukio ya kuhara yalikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko wakati isipokuwa nayo. Haya yalipatikana bila mafunzo makubwa wala mikutano ya hadhara. Sabuni ilikuwapo nyumbani, basi. Kumbe mama wa kikimbizi hakuwa mjinga wa usafi. Alikosa sabuni tu.

Baada ya maafa ya 1994 mashirika ya misaada yalikaa pamoja kuandika viwango vya kuhudumia watu walio katika dhiki. Katika viwango hivyo kila mtu anastahili gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe: familia ya watu sita inahitaji kilo moja na gramu 200 za kufulia tu. Kila msomaji anajua nyumbani kwake ni miezi mingapi alifikia kiasi hicho.

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la kisiasa. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Miaka iliyofuata tuliendelea kufika kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, hata tukapita 50,000. Watu wanapoongezeka na mgao usiongezeke, kipande kinakuwa kidogo. Tumeona mche ukikatwa vipande vinne kwa uzi. Tumeona mama akifua nguo za shule za mtoto peke yake, zake akizisuuza kwa maji matupu. Tumeona msichana akikosa masomo kwa siku zake kwa sababu hakuwa na cha kufulia vitambaa. Mambo haya hayaandikwi katika ripoti, lakini ndiyo yanayomvunja mtu heshima.

NDOO YA KWANZA

Tarehe 2 Aprili 2020 Malawi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa korona. Kila redio ikasema: naweni mikono kwa sabuni. Tukatazamana. Bei ya sabuni ilikuwa imepanda, na kazi ndogondogo zilikuwa zimesimama. Ndipo mmoja wetu, dada aliyekuwa amejifunza kidogo kabla ya kukimbia, akasema sabuni ya maji inaweza kutengenezwa katika ndoo, bila moto na bila mashine.

Tulikuwa watu tisa: wanawake saba na vijana wawili, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kila mmoja alitoa alichoweza. Fedha ilipotimia, vifaa vilinunuliwa Lilongwe: asidi ya salfoniki kilo moja, slesi kilo moja, soda kostiki, chumvi, rangi na manukato. Slesi ni ule uji mzito mweupe unaoongeza povu. Asidi ya salfoniki ni nzito na nyeusi kama asali iliyoungua.

Ni lazima tuseme ukweli hapa. Sabuni hii ya ndoo, kwa lugha ya wataalamu, si sabuni ile ya mafuta na majivu. Asili yake ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale Ujerumani ilipokosa mafuta ya wanyama na mimea, wataalamu wake wakatafuta kitu kingine cha kusafishia. Baada ya Vita ya Pili, dawa za namna hii zitokanazo na petroli zilienea duniani. Zile za kwanza hazikuoza, na katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu. Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kubadili vikatengeneza aina ambayo vijidudu vya majini vinaweza kuila. Asidi ya salfoniki inayouzwa kwa kazi yetu kwa kawaida ni ya aina hiyo. Faida yake nyingine ni kwamba hutoa povu hata katika maji ya kisima yenye madini mengi, ambamo sabuni ya mche huganda na kuacha utando.

Tulianza asubuhi, chini ya mwembe, tukiwa tumevaa barakoa za kitenge. Tulipima maji lita 20. Asidi ikayeyushwa katika sehemu ya maji hayo, soda ikayeyushwa pembeni katika ndoo nyingine, kisha soda ikaongezwa polepole kwenye asidi. Asidi na soda zinauana ukali, na kinachobaki ni kitu cha kusafishia. Weusi ulipotea, mchanganyiko ukawa wa rangi ya maziwa. Slesi ikaingia, tukakoroga kwa mwiko wa mbao. Watoto walikuja kutazama povu. Hadi hapo tulijiona mafundi.

Ikabaki chumvi. Chumvi ndiyo inayofanya maji yawe mazito. Tulitia kiganja kimoja, yakawa mazito kidogo. Cha pili, yakawa mazito kama uji wa mtoto. Dada aliyetufundisha alisema: "Basi, acheni." Lakini sisi tulitaka ifanane na ile ya dukani. Tukatia cha tatu, na cha nne. Mbele ya macho yetu ule uji ukalegea, ukarudi kuwa maji. Tukadhani chumvi haitoshi, tukaongeza tena. Ikazidi kuwa maji.

Mama mmoja alikaa chini akafunika uso kwa kanga. Fedha aliyotoa ilikuwa ya unga.

Sasa tunajua kwamba chumvi ina kiwango chake. Kabla ya kiwango inafanya uzito, ikipita kiwango inavunja ule uzito uliojengeka. Hatukuwa tumeharibu sabuni yenyewe. Ilisafisha vizuri tu, lakini nani angenunua maji? Tuliifunika na kwenda nyumbani kimya. Kesho yake dada alirudi, akagawa ile ndoo katika ndoo mbili, akaongeza maji na slesi iliyokuwa imebaki katika kila moja. Uzito ukarudi, si sana, lakini ukarudi. Povu lilipotulia tulijaza chupa. Tuligawana, na chupa chache tuliziuza sokoni. Aliyenunua ya kwanza alikuwa mama Mmalawi kutoka kijiji cha jirani. Alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama "sopo" ile bado ipo.

KOSA LA CHUPA

Lipo kosa jingine ambalo tulibishana kama tuliandike. Tumeamua kuliandika.

Siku ya ndoo ya pili, maji ya soda kostiki yaliyobaki tuliyaweka katika chupa ya maji ya kunywa, tukaifunga na kuiweka kivulini. Maji ya soda hayana rangi. Hayana harufu. Mtoto wa miaka minne hivi, aliyetoka kucheza, aliichukua akaanza kuifungua. Kijana wetu mmoja alimwona na kumpokonya. Matone machache yalimpata mkononi. Tulimwagia maji mengi kwa muda mrefu, akapona, likabaki alama ndogo. Kama angekunywa, makala haya yasingekuwa ya furaha. Soda kostiki huunguza koo na tumbo kwa dakika chache, na ambaye haimuui inaweza kumwachia ulemavu wa maisha.

Tangu siku hiyo tuna sheria ambazo hazijadiliwi. Soda haiwekwi kamwe katika chupa ya kinywaji. Soda ndiyo inayotiwa katika maji kidogo kidogo, wala si maji kumwagiwa soda, kwa sababu hupata moto na kuruka. Sufuria ya alumini haitumiki, kwa kuwa soda huila na kutoa gesi inayowaka. Soda hupimwa kwa mizani: kilo moja ya asidi huhitaji gramu 125 hivi, si kwa kukisia kwa kijiko. Karatasi ya kupimia ukali hutumika kabla ya kuuza, maana sabuni yenye soda nyingi huchubua mikono ya mama anayefua kila siku. Na watoto hukaa mbali, hata kama povu linapendeza namna gani.

MIAKA ILIYOFUATA

Korona ilipopungua, wengi walidhani kazi yetu itakwisha. Mwaka 2022 kipindupindu kilizuka Malawi, na kufikia mwaka 2023 kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700, idadi kubwa kuliko milipuko yote iliyotangulia katika nchi hii. Tulikumbuka Goma. Ndoo zetu zilifanya kazi usiku na mchana.

Mwaka huo huo wa 2023 wenzetu wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi walirudishwa hapa. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, yakiwemo ya kazi na ya kutembea, kwa hiyo mkimbizi anatakiwa kukaa kambini. Watu waliokuwa na maduka walishuka na mabegi mawili. Tuliwapelekea chupa za sabuni. Mmoja wao aliipokea kwa mikono miwili, akasema yeye mwenyewe alikuwa akiuza sabuni kwa katoni. Kisha akauliza: "Naweza kujifunza?" Leo yeye ndiye mtunza hesabu wetu.

TUNACHOTAKA KIKUMBUKWE

Tusidanganyane. Sabuni haikutajirisha mtu kati yetu. Vifaa bado vinatoka mbali, bei hupanda, na mwezi mwingine tunakaa bila kukoroga chochote. Wala ndoo yetu haiondoi wajibu wa wanaotakiwa kutuhudumia. Mtoto mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri kikundi.

Lakini kuna tofauti kati ya kusimama kwenye mstari ukingoja kipande, na kukaa chini ya mwembe ukiamua kiganja cha chumvi ni kimoja au viwili. Babu zetu walikata mikungu, wengine wakatengeneza sabuni. Sisi kwa miaka mingi tulipokea sabuni, wengine wakahesabu gramu. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza tangu tukimbie, tulihesabu gramu wenyewe. Tulikosea, tukarekebisha, tukajifunza. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tunaongeza kwamba hata asipokufa, hufua nguo zake mwisho.

Ile ndoo ya kwanza bado tunayo. Imepasuka ukingoni na haishiki tena maji, tunaweka ndani yake miiko na mizani. Yeyote anayetaka kujifunza, awe mkimbizi au mwenyeji, afike chini ya mwembe Jumamosi asubuhi. Aje na chupa yake tupu, yenye alama, na asilete ya maji ya kunywa.



Sisi wanakikundi, kwa idhini ya Kamati.